Jiwe Chini ya Sabufa ya Wangila

Haya, cheka kwanza umalize. Meno ni yako. Lakini usiniambie majini ni ya watu wa Mombasa peke yao, ati huku Kitengela kuna vumbi na ploti tu. Mimi niliishia darasa la saba. Huko hatukufundishwa uongo. Na banda la mabati ambamo mambo haya yalitokea ni langu. Nyamaza basi usikie.

Wangila alikuwa mpangaji wangu, mtu wa Bungoma, mke na watoto wako kwao, na mimi akiniita Shosho, kama bibi yake. Kazi yake ilikuwa kupeleka chakula cha kuku Kajiado kwa pikapu, na siku nzima hakuwa na wa kumsemesha ila magunia. Ndiyo maana akanunua sabufa, ile spika ya besi iliyo na amplifaya ndani yake.

"Shosho, besi ikigonga mgongoni unaona ni kama uko na mtu," akaniambia.

"Nunua mbwa," nikamjibu.

Hakutaka fundi. Jumapili akafungua boneti, akachomoa waya wa betri asipigwe shoti, akapitisha waya mwekundu wenye fyuzi hadi nyuma ya kiti. Akakwangua rangi kwa msasa penye bolti ya kiti, ili waya mweusi ushike chuma kitupu. Waya wa tatu, mwembamba, akauunga kwa redio, redio ikiwashwa sabufa nayo iamke. Kazi safi, sina neno. Ila sakafu ya gari ilikuwa imebonyea, na lile sanduku la sabufa likawa linacheza kila akiingia barabara ya murram. Basi siku moja akirudi kutoka Kajiado, akaona lundo la mawe kando ya njia ya zamani ya ng'ombe. Akachagua jiwe bapa, akalisukuma chini ya sabufa. Ikatulia tuli.

Mmaasai akipita lundo kama lile huongeza jiwe na kusalimia, kwa sababu chini yake kuna mzee amelala. Kuongeza, si kuchukua. Na tangu watu wauze mashamba na kuzungusha seng'enge, njia ile haipitwi tena. Mzee alikuwa amekaa miaka bila salamu.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Redio ikisoma habari, chini ya habari kukawa na mngurumo, kama mtu mzima anayesafisha koo. Wangila akakaza bolti. Kisha ikaja harufu ya kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa kwa mkaa, na hajawahi kubeba maziwa. Kisha mchana mmoja, karibu na Isinya, jua likiwa kali na barabara tupu mbele na nyuma, akazima redio ili asikie vizuri, na besi haikunyamaza, ikaendelea polepole kama pumzi, na kiti cha abiria kikabonyea kama kinachokaliwa na mtu mzito asiye na haraka, na kutoka nyuma ya mgongo wake mwenyewe sauti ikasema, "Sopa."

Wangila amelelewa vizuri. Akajibu salamu kwa Kimaasai, "Epa."

Lemayian, mchunga ng'ombe anayeniletea maziwa, ndiye aliyeijua ile harufu. Wangila alipomhadithia, alisimama mbali na pikapu, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umemjibu?"

"Si salamu hujibiwa?"

"Ya mtu unayemwona, ndugu yangu. Rudisha jiwe leo. Usimjibu tena. Aliyepunguza lundo hulijaza yeye mwenyewe. Kwanza inaenda sauti yake, kisha yeye."

"Nitarudisha," Wangila akasema.

Hakurudisha. Pikapu haikutoka tena bandani. Nilipopita nje ya banda nilimsikia akihadithia habari za watoto wake, na mngurumo ukimwitikia, mm, mm, kama wazee wanavyoitikia hadithi. Simu ya mkewe ililia mle ndani mpaka ikachoka.

Siku ya nne Lemayian akaja na majani mabichi ya kuombea amani mkononi, akasimama langoni. Nikaingia peke yangu. Betri ilikuwa chini, imetolewa. Waya mwekundu ulining'inia hewani. Na bado mabati yalikuwa yakitetemeka kwa besi.

Wangila alikuwa amebanwa kwenye mlango wa dereva, kama mtu aliyempisha mwingine. Mashavu yameingia ndani.

"Toa hilo jiwe," nikasema. "Lemayian yuko nje. Tunakupeleka sasa hivi."

Akatikisa kichwa.

"Wangila, utakufa humu. Una watoto."

Akanitazama kwa huruma, mimi! Midomo yake imefungwa kabisa, niliiangalia kwa macho yangu. Na kutoka nyuma ya kiti, chini, penye jiwe, ikatoka sauti yake, ile ile ya Bungoma, yenye adabu:

"Shosho, habari ya leo? Umeshindaje peke yako kwa ile nyumba?"

Na nikuambie ukweli, wewe uliyekuwa ukicheka: tangu asubuhi ile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Jibu lilishafika ulimini. Nikauma meno. Nikageuka, nikatoka, nikafunga mlango wa banda.