Sauti ya Mama kwenye Lifti

Lifti ilibonyea. Si sana, kiasi tu cha mtu mwenye mwili wake anapoingia na kusimama katikati. Ila hapakuwa na mtu aliyeingia.

Mhandisi alikuwa nje ya milango, kwenye jukwaa jipya la abiria, kikombe cha chai mkononi, akiitazama kazi yake kwa lile jicho la mzazi siku ya mahafali ya mwanawe. Milango ilikuwa imejifungua yenyewe, kama alivyoagiza. Sauti ya mama yake ikasema kwa utulivu wa siku zote, "Karibu. Ingia ndani." Sakafu ikashuka upana wa kidole, ikatulia. Milango ikafungwa, lifti ikapanda kwenda darajani na chochote kilichokuwa ndani yake.

Fundi lifti akasema ni springi. Kwa fundi yule kila kitu kilikuwa springi, hata talaka yake aliieleza hivyo. Mhandisi akapeleka kikombe mdomoni, akakirudisha. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, na haikutoka kwenye chai.

Stesheni ile ilijengwa enzi ambazo kitongoji kizima kingeweza kupanda behewa moja na bado wakabaki wa kusimulia habari. Sasa asubuhi watu walijaa kwenye daraja jembamba hadi mwenye kikohozi aliombwa akohoe kwa zamu. Mwenye magongo alingoja umati upungue, na umati haukupungua. Mwenye kiti cha magurudumu alibebwa ngazini mzegamzega, watu wanne na ushauri wa watu arobaini.

Hivyo ndivyo alivyobebwa mama yake mhandisi. Alikuwa mtangazaji wa stesheni hiyo hiyo maisha yake yote ya kazi. Watu wasiowahi kumwona usoni walimtambua sokoni akiuliza bei ya vitunguu. Kisha kiharusi kikachukua miguu, kikauacha mdomo, jambo ambalo mkwewe alilieleza kwa adabu kwamba hata kiharusi kina cha kuogopa. Siku aliyokwenda kuagana na wenzake kazini wabebaji walimponyoka katikati ya ngazi. Hakuvunjika. Alibiringika tu, gauni likampanda kifuani mbele ya treni nzima ya saa za kutoka kazini. Tangu siku hiyo hakukanyaga stesheni, na kwa mwanamke aliyeishi humo hiyo ilikuwa kama kufukuzwa nyumbani. Bintiye aliapa atamrudisha, tena kwa mlango wa mbele.

Kwa hiyo mradi ulipokuja, majukwaa mapana, daraja la pili, mteremko wa magurudumu na lifti, mhandisi aliushika kama mtoto wa kumzaa. Wakubwa waliunda kamati ya abiria wenye ulemavu ili wapige nayo picha. Yeye akawaharibia kwa kuisikiliza kweli. Wakili asiyeona aliomba lifti iseme. Wengine, ambao mikono yao haina nguvu ya kubonyeza kitufe, waliomba lifti isingoje kubonyezwa. Akawapa vyote. Lifti ilishuka yenyewe, ikafungua yenyewe, ikakaribisha yenyewe, ikajifunga, ikapanda, ikarudia, kutwa nzima, awepo mtu asiwepo. Sauti iliyotoka kiwandani ilikuwa ya mwanamke aliyesikika kama ana mafua, akaitupa. Akamketisha mama yake mezani nyumbani, akamwekea kinasa sauti, naye bibi akaongea kama hajawahi kustaafu.

"Sasa niko ndani ya stesheni usiku na mchana, Kifungo," mama alimwambia walipomaliza. Jina hilo lilitokana na kifungo cha koti alichomeza utotoni, na hakuna mwingine duniani aliyelitumia.

Jambo moja mhandisi hakumsimulia mama yake. Wakati wa kuchimba shimo la lifti wafanyakazi walitoboa tangi la matofali la zama za treni za mvuke, limezibwa mdomo kwa bamba la chuma. Ndani hamkuwa na tone la maji. Kulikuwa na joto, kama tanuri lililozimwa muda si mrefu. Wafanyakazi walitaka aitwe mtu wa kuomba dua. Mhandisi akawaambia joto la chini ya ardhi lina maelezo yake ya kisayansi. Hakuyajua, lakini alikuwa na hakika yapo. Akamwaga zege.

Baada ya ile asubuhi ya chai, mambo yalikuja moja moja, kama wageni wa msiba. Kengele ya uzito kuzidi ililia huku ndani akiwa mama mmoja na mtoto mgongoni. Wauza magazeti wakahama upande ule wa jukwaa, wakisema harufu inaingia kwenye karatasi. Mzee mwenye magongo alitoka darajani amekasirika, akilalamika kwamba hata kama nafasi ni ndogo, kuna namna ya kumwambia mtu asogee. Alipoulizwa ni nani aliyemwambia, akageuka kuonyesha, na lifti ilikuwa tupu.

Kisha akaja wakili, peke yake, fimbo nyeupe mkononi, saa ya mchana stesheni ikiwa imetulia. Aliingia ofisini kwa mhandisi, akafunga mlango nyuma yake.

"Ile sauti ni ya mama yako," akasema.

Mhandisi akakubali.

"Ulimrekodi akisema, 'Sogea kidogo, tuko wengi'?"

Hakumrekodi.

Wakili akashusha sauti, akasimulia kwamba alipoingia alijua kuna mtu, kama anavyojua siku zote, isipokuwa mtu huyu hakupumua. Akamsalimu. Milango ilipofungwa vidole vikavu vya moto vikampita usoni, paji, macho, pua, midomo, taratibu, kwa uangalifu. "Vilikuwa vinanisoma," akasema. "Najua kusomwa kukoje, dada. Mimi mwenyewe husoma hivyo." Vilipofika kwenye midomo vikakaa hapo. Havikutaka kuondoka.

Jioni hiyo fundi alikata waya wa spika mbele ya macho ya mhandisi. Milango ikafunguka. "Karibu," ikasema sauti ya mama. "Ingia ndani."

Fundi hakusema springi. Alikusanya vifaa vyake, akavisahau viwili, akaondoka.

Msimamizi wa stesheni akataka lifti ifungwe kwa kufuli na mnyororo, ngazi zitatosha, zilitosha miaka yote. Akaifunga kweli. Kesho yake, saa za watu kurudi makwao, mhandisi alimwona mwanamke wa makamo akibebwa mzegamzega, anashikilia gauni lake kwa mikono yote miwili, na macho ameyafumba. Akajua hawezi kuishi na mnyororo ule. Akajua pia ni nani atakayekuwa wa kwanza kutaka kujua kwa nini lifti imefungwa.

Mganga aliletwa na mume wa mhandisi, mwalimu mpole kupita kiasi, mtu anayemkaribisha ndani hata msoma mita, tena mara tatu, na kumsindikiza hadi barabarani. Mhandisi alitarajia pembe na vibuyu. Akaja mwanamke wa mkoba na miwani, anayelalamikia maegesho ya magari. Aliinusa milango ya lifti, akaiwekea sikio, akauliza swali moja tu: nani aliyemkaribisha?

Mhandisi akaeleza. Alipokuwa akieleza jinsi lifti inavyojifungua na kuikaribisha hewa tupu, kutwa nzima, juu kabisa ya lile tangi, akaanza kulisikia jibu lake mwenyewe.

"Jini wa adabu," mganga akasema. "Haingii asipokaribishwa. Na hatoki mpaka aliyemkaribisha amwambie atoke, kwa kinywa chake, humo humo ndani. Mama aseme neno hilo moja. Asijibizane naye. Anayejibizana naye anampa nafasi mdomoni."

Mhandisi akauliza, akishatoka ataenda wapi.

Mganga akafunga mkoba. "Atakapokaribishwa."

Mama alipoambiwa hakuogopa hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha bintiye. Alivaa sare yake ya zamani. Akasema mgeni ni wake, sauti ni yake na stesheni ni yake, na kwamba kama ni kumfukuza mtu, amefukuza walevi wakubwa kuliko huyo. Mhandisi alimkumbusha tena na tena: neno moja, mama, moja tu. Mama akasema amesikia. Lakini mwanamke huyo alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kutoacha kimya kipite bila kukijaza.

Ilikuwa mchana, jua la utosi, majukwaa meupe kwa mwanga. Msimamizi alifungua mnyororo akarudi nyuma hatua nyingi kuliko zilizohitajika. Mama aliupanda mteremko akisukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, bila msaada wa mtu, akapita kando ya ngazi alipobiringika siku ile bila kuzitazama. Milango ikafunguka.

"Karibu," sauti yake ikamwambia. "Ingia ndani."

"Na wewe," mama akasema, kwa mazoea tu, na milango ikamfungia ndani.

Mganga akafumba macho. Mhandisi alikimbilia kwenye simu ya dharura iliyo ukutani, ile inayounganisha nje na ndani, akaibana sikioni, akasikia kwanza magurudumu yakikwaruza, kisha pumzi ya mama yake, kisha lifti ikianza kushuka, kushuka, wakati hapakuwa na pa kushukia, kwa kuwa hapo walipokuwa ndipo mwisho wa shimo, yeye aliyelipima na kulimwagia zege kwa idhini yake mwenyewe akijua hivyo kuliko mtu yeyote, na bado kamba za chuma ziliendelea kulia zikiteremsha, na joto likaanza kutoka kwenye tundu za simu kama pumzi ya mtu aliye karibu mno, na katika joto hilo akasikia mama yake akisema "Toka," kisha mama yake akisema "Toka," kisha mmoja akimwuliza mwenzake wewe ni nani, na mwenzake akimjibu kwa sauti ile ile, upole ule ule, wakajibizana hivyo, wakipokezana, wakikatizana, hadi hakukuwa tena na namna ya kujua nani ameuliza na nani amejibu.

Simu ikawa kimya.

Milango ilipofunguka mama alikuwa amekaa katikati, mikono mapajani, anatabasamu. Lifti haikusema kitu. Msimamizi aliingia akatoka, akaingia tena, akarukaruka kidogo sakafuni, hakuna kengele, hakuna harufu. Mganga alimtazama mama kwa muda, akamwuliza hali. Mama akasema hajambo kabisa. Mganga akasema basi, lakini alikataa kupanda naye gari moja, akasingizia foleni.

Jioni, wakirudi nyumbani, mhandisi alilia kidogo njiani, kile kilio cha furaha kisichotakiwa kuulizwa. Alisimulia jinsi uzinduzi rasmi wa lifti utakavyokuwa, jinsi watu watakavyoijua sauti. Mama aliitikia kwa utulivu. "Ndiyo, mwanangu," alisema. "Vizuri, mwanangu." Alipomsaidia kuingia, gari lilikuwa limeinama upande wake, na mhandisi alijiambia akipita gereji amwambie fundi aangalie springi. Akacheka peke yake. Alifungua dirisha, kulikuwa na joto.

Walipofika nyumbani alimsukuma mama hadi mlangoni. Mlango ulikuwa wazi na taa ya sebuleni inawaka. Mumewe alikuwa ndani akiandaa meza. Magurudumu yakagusa kizingiti, yakasimama. Mama alikuwa ameyashika.

"Twende, mama," mhandisi akasema.

Mama hakusogea. Alitazama ndani kwa adabu, kama mgeni. Nyumba hiyo alikuwa ameishi humo tangu kiharusi, na hakuwahi hata siku moja kubisha hodi, hata kwenye mlango wa chumba cha watu waliooana.

Simu ya mhandisi ikalia. Alikuwa msimamizi wa stesheni, anaongea kwa kunong'ona, na nyuma yake umati ulikuwa kimya kabisa, kimya ambacho stesheni ile haijakijua saa hiyo ya jioni. Akaeleza kwamba lifti imeanza tena. Milango haifunguki, waya wa spika bado umekatwa, lakini inaongea. Haikaribishi mtu. Inalia. Akasema labda mhandisi aisikilize mwenyewe, akaisogeza simu kwenye milango.

Ilikuwa mbali sana, chini sana, na kavu, kama inayotoka tanurini.

"Kifungo," ilisema. "Kifungo, mbona umeniacha?"

Mhandisi alitazama kichwa kilicho mbele yake, mvi zilizosukwa kwa mikono yake mwenyewe asubuhi hiyo. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa inapanda kutoka humo. Alivuta kiti nyuma kwa nguvu zake zote, nacho hakikutikisika, kizito kana kwamba kimejaa watu. Akafungua mdomo ampigie mumewe kelele, lakini mwalimu tayari alikuwa anatokea jikoni, anajifuta mikono, uso umemchangamka.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu, karibu ndani. Hapa ni kwako."