Matundu Kwenye Ngozi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Maswali alimpelekea baba yake birika la chai machinjioni. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake, maana binti yule hakuweza kuona sufuria imefunikwa asiulize kilichomo. Baba naye, mchuna ngozi, wenzake walimwita Upepo. Ng'ombe akishatundikwa, Upepo alipitisha ncha ya kisu chwa, chwa, na kufumba na kufumbua ngozi iko sakafuni.

"Umeona, mwanangu? Wenzangu bado wako mguu wa kwanza!"

"Upepo, punguza mwendo, utamchuna na mchinjaji!" alidakia mzee mmoja, na wote wakacheka.

Walilipwa kwa idadi ya ng'ombe. Gari likishabeba ngozi, zilikwenda wapi? Hawakuuliza, wala hawakuambiwa. Waliojua walikuwepo, tena miaka yote ishirini ya kazi ya Upepo, na walinyamaza.

Nyumbani kicheko kilikuwa kimeadimika. Kaka yake Maswali alikuwa fundi wa kushona viatu katika kiwanda cha ngozi cha mji ule, hadi alipoachishwa kazi pamoja na wenzake arobaini. Alikaa miezi mitatu akiitazama mikono yake, kisha akafunga begi, akaenda mbali kutafuta riziki. Alipiga simu mara moja tu. Tangu hapo hakupatikana tena. Viatu alivyomshonea mdogo wake vilikuwa vimeanza kumbana, lakini Maswali hakutaka kuvivua.

Siku moja mwalimu wa somo la biashara aliwapeleka wanafunzi kiwandani. Ghalani, msimamizi aliinua ngozi moja mbele ya dirisha. Mwanga ukapenya kwenye matundu zaidi ya kumi.

"Hii ni kazi ya ncha za visu," alisema. "Ngozi nzima hunipa jozi kumi na tano za viatu. Hii? Mikanda miwili, mitatu. Basi siku hizi mji mzima hununua viatu vya viwanda vya mbali, na chumba chetu cha kushonea tumekifunga."

Maswali alikuwa akitazama karibu na mkia. Palikuwa na alama tatu fupi, zimekatwa sambamba. Kila mchunaji alikuwa na alama yake, ili ng'ombe wake wahesabiwe. Alama tatu zilikuwa za Upepo.

Siku hiyo hakuuliza swali hata moja.

Mwalimu aliyaona machozi yake, akamwita kando, akasikia habari yote. Aliomba kipande chenye matundu na zile alama tatu kikatwe, akamkabidhi. "Mpelekee baba. Si kumshtaki. Ni kumpa elimu aliyonyimwa."

Kipande kilikaa siku mbili mkobani. Siku ya tatu, walipokuwa wakila chakula cha mchana nyumbani pamoja na mama, baba alianza kujisifu kwamba leo amewashinda vijana wote. Maswali alikitoa kipande mkobani. Akakiweka mezani.

"Baba, kitazame kwenye mwanga."

Baba alikiinua, akicheka. "Mimi nalipwa kwa ng'ombe, si kwa…" Hakumaliza. Alitazama matundu, akatazama alama zake. Binti akamweleza yote, mpaka chumba kilichofungwa.

"Kwa hiyo kaka yako," alisema baba taratibu, "kisu changu ndicho kilichomwondoa?"

Mama aliinuka, akatoka nje. Maswali alitamani kusema hapana. Uongo huo haukumtoka.

Kesho yake Upepo alisimama mlangoni kwa mwalimu, kofia mkononi. "Mwalimu, mimi niliishia darasa la pili. Utatufundisha na sisi wa machinjioni?"

"Mlistahili kufundishwa miaka ishirini iliyopita," alijibu mwalimu kwa uchungu. "Nitakuja leo hii."

Wakajifunza wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa: ngozi ni mali ya nani, inageuka nini, inaajiri wangapi. Upepo alikuwa wa kwanza kusaga ncha ya kisu chake hadi ikawa butu, akajifunza kuisukuma ngozi kwa ngumi.

"Upepo amekuwa Konokono!" walimtania.

"Konokono hatoboi nyumba yake," alijibu. Baada ya wiki chache, ncha za visu vyote zilikuwa butu.

Mwaka haukuisha, chumba cha kushonea kikafunguliwa. Mafundi ishirini waliitwa warudi. Jina la kaka lilisomwa mara tatu, likakosa wa kuitika. Kiti chake akapewa mwingine.

Baba alimnunulia Maswali viatu vipya vya kiwanda kile. Alivigeuzageuza kwenye mwanga, havikuwa na tundu. Akapiga magoti, akamvua vile vya zamani mwenyewe, akavifuta vumbi na kuviweka rafuni.

"Kuchuna nilifundishwa," alisema. "Kazi yangu inaishia wapi, sikufundishwa, na mimi nikaona mbio ndiyo ujuzi. Asiyejua hilo hukata riziki ya jirani, hata ya mwanawe. Soma hiyo biashara, mwanangu. Na ukijua, sema mapema. Mimi nimekuja kujua wakati kaka yako ameshaondoka."