Sababu ya Nne

Jumanne asubuhi, soko la mitumba la Santa Clara likiwa limefurika watu, Idalina alichuchumaa mbele ya turubai la mzee mmoja akichambua vifungo vya zamani katika kopo la biskuti. Alivaa gauni la manjano lenye pindo pana, alilolishona mwenyewe, na raba zilizochoka. Alipotaka kusimama, gauni likamgomea. Kiatu cha mwanamume kilikuwa juu ya pindo.

"Kaka, umenikanyagia gauni."

"Samahani sana. Nilidhani ni kitambaa kinauzwa."

"Kinauzwa pamoja na mimi? Bei hiyo huiwezi."

"Hujaitaja bado. Umejuaje siiwezi?"

Idalina alimpandisha na kumshusha kwa macho: viatu vya ngozi, suruali ya kitani, shati jeupe lililokunjwa mikono, ndevu zilizochongwa. Mtanashati, na anajijua. Ndiyo aina ambayo bibi yake alimwambia aiogope, na ndiyo aina aliyoipenda tangu shuleni.

Aliitwa Duarte. Alizaliwa Benfica, upande wa pili wa mji, na kazi yake ilikuwa kuwaandikia wageni sababu za kuja Lisboni.

"Kwa hiyo ni wewe unayetuletea wale?" Idalina alielekeza kidevu kwa kundi la watu wenye kofia waliokuwa wakipiga picha bomba la maji.

"Baadhi yao."

"Basi mwambie yule mrefu anizibie jua vizuri, au aondoke kabisa."

Duarte alicheka, akanunua kopo zima la vifungo, akambebea mpaka Alfama, mtaa wa ngazi alikoishi Idalina. Baada ya wiki tatu alikuwa anashuka zile ngazi kila jioni akiwa na mkate wa moto kwapani. Idalina akaanza kujitia wanja kabla ya saa kumi na mbili, akidai macho yanamuwasha.

Aliishi na bibi yake, Felismina, aliyemlea tangu mama yake afariki. Bibi alikuwa na miaka themanini na miwili, na sitini na mmoja kati ya hiyo aliiishi katika nyumba ile ile. Magoti yalishakataa ngazi, lakini alikuwa na dirisha. Akiwa dirishani alijua nani amenunua samaki gani, nani kanuniana na nani, na nani kaacha chungu jikoni kikiungua. Jirani aliyekwenda dukani alimpigia kelele kumuuliza anataka nini. Idalina alijua kwamba ukimtoa bibi pale umemkata pumzi, na mkataba wa nyumba, wa jina lake Idalina, ulikuwa ukimalizika mwezi wa tisa. Hakuhofia sana. Mwenye nyumba aliishi mbali na hakuwa amepakanyaga kwa miaka tisa.

"Mwanaume anayekuja na mkate si mbaya," Bibi Felismina alisema siku moja. "Ila huyu wako anatazama sana kuta."

"Bibi, ametoka Benfica. Huko hawana kuta za maana."

Juni ikaingia na shughuli zake. Idalina alikuwa na sketi ishirini na nne za kumalizia kwa ajili ya gwaride la Mtakatifu Antoni. Simu ikalia cherehani ikiwa imepamba moto.

"Malkia wangu, unafanya nini?"

"Nashona. Sema upesi, nina pini mdomoni."

"Ile picha niliyompiga bibi dirishani, akimenya maharage. Imetoka vizuri mpaka naogopa. Nataka niiweke kwenye orodha ya sababu za kuja Lisboni, iwe sababu ya nne."

"Pois."

"Na jina la ngazi zenu, watu wapajue."

"Pois, pois."

"Unajua nakupenda?"

"Pois. Niache nimalize."

Sasa hilo neno. Watu wa Lisboni hulitumia kutwa nzima. Maana yake ni ndiyo, na ni nakusikia, na ni endelea, na ni usinichoshe. Saa nyingine ni hapana ya mtu mwenye adabu. Mgeni akiambiwa pois huuliza mara ya pili. Mzaliwa wa mji hudhani ameelewa, na huelewa lile analolitaka.

Julai picha ilikuwa ukutani kwenye uwanja wa ndege na katika simu za dunia nzima. Walianza wasichana wawili, wakamwomba bibi apunge mkono, naye akapunga. Yakafuata makundi yenye kiongozi na mwavuli. Agosti walikaa ngazini wakila aiskrimu, wakagonga mlango kuomba choo, wakalalamika siku ambazo bibi hakutokea. Felismina akafunga mbao za dirisha mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mumewe.

Kisha mwenye nyumba akaja, amevaa suti, akapiga picha dari. Wiki iliyofuata ikaja barua: mkataba hautaandikwa upya, nyumba itapangishwa watalii. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale ngazini mgeni alikuja na mwenyeji akahamishwa.

"Nilikuuliza, Idalina," Duarte alisema, barua ikiwa mkononi. "Ukasema pois."

"Pois si ndiyo."

"Siku ile ilikuwa ndiyo."

"Siku ile nilikuwa na pini mdomoni. Wewe si mgeni, Duarte. Unajua neno hilo linavyotumika."

"Nilitaka dunia imwone kama ninavyomwona mimi."

"Imemwona. Sasa inataka chumba chake."

Duarte aliomba picha iondolewe, ikaondolewa, lakini nakala zilishasambaa na maji yakimwagika hayazoleki. Akazunguka kwa wanasheria, akarudi mikono mitupu. Idalina hakupokea tena simu zake. Aliitazama simu ikiita, akalia, akaifunika kwa kitambaa.

Walihamia Barreiro, ng'ambo ya mto, ghorofa ya nne. Dirisha lilitazama maegesho ya magari. Asubuhi za mwanzo bibi alilifungua, akauliza kwa sauti bei ya dagaa leo ni ngapi, na chini hapakuwa na mtu wa kumjibu. Kufikia Novemba akili yake ilikuwa ikienda na kurudi.

Ndipo Duarte akavuka na kivuko, siku ya mvua, amevaa koti jeusi, amekonda. Alipofunguliwa mlango hakusema salamu.

"Nimeacha ile kazi. Nimekuja kukuposa. Tumchukue bibi, tuishi popote utakapo."

Akafungua kisanduku, pete ikaonekana. Idalina alimtazama na moyo ukamruka, kwa maana alikuwa bado anampenda, tena sana, na hilo ndilo lililomuumiza. Alinyoosha mkono.

"Nani huyo?" bibi aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Ni Duarte, bibi. Ametoka Lisboni."

"Lisboni?" Felismina akamwangalia kwa hamu. "Karibu ukae, baba. Hebu nieleze, huko kukoje?"

Duarte alivua koti lililolowa. Alikaa, akaanza polepole. Akamweleza mji wenye vilima, nguo zikianikwa juu ya vichwa vya watu, moshi wa sardini mwezi wa sita. Akamweleza ngazi moja huko Alfama, na dirisha lake, ambapo mtu akikaa anajua habari za mtaa mzima.

"Panaonekana pazuri," bibi alisema, akitabasamu. "Mungu akinijalia, siku moja na mimi nitapatembelea."

Duarte alijifunika uso. Idalina alikichukua kisanduku kutoka magotini pa Duarte, akakifunga, akamrudishia kiganjani.

"Nakupenda, wala sitakudanganya," alisema. "Kama ungenikosea mimi, ningekusamehe leo hii. Umemkosea yeye, na yeye hakumbuki tena ulimfanyia nini. Nani atakusamehe kwa niaba yake?"

"Idalina, mpenzi."

"Kivuko kinaondoka saa kumi, Duarte. Usichelewe."

Aliondoka bila mwavuli. Idalina alisimama nyuma ya mlango mpaka hatua zake zikaisha ghorofa zote nne, kisha akaketi sakafuni akalia kwa kwikwi.

"Mbona umemwacha aende?" bibi akauliza. "Alikuwa anasimulia vizuri."