Kifaa cha Tatu Kwenye Waifai

Fundi Waya alikuwa bado hajaiunganisha injekta, lakini kifaa cha waifai alichokifunga darini kilikuwa tayari kinawaka taa ya kijani.

Alishuka akiufuata waya kwa mkono hadi sebuleni. Ulitoka moja kwa moja kwenye ruta, na ruta ya nyumbani haipeleki umeme kwenye waya wa mtandao. Ndiyo maana alinunua injekta, kile kisanduku kinachopachikwa katikati ili waya mmoja ubebe mtandao na umeme pamoja. Kisanduku chenyewe kilikuwa mezani, hakijatolewa hata kwenye nailoni. Akaguna, akaacha hivyo hivyo. Fundi gani analalamika kwamba kazi imekubali mapema?

Waifai hiyo ilikuwa ya mkewe, mshonaji, aliyetaka kuwaonyesha wateja nguo akiwa ghorofani kwenye cherehani yake. Alikuwa mzuri, mcheshi, na mumewe alimpenda kufa. Alimwonea wivu hata kwa fundi viatu aliyemrudishia ndara.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alimsikia akicheka kule juu. Cherehani ilikuwa kimya. Alipanda mbio. Chumba kilinuka manukato ya kiume.

"Ulikuwa na nani?"

"Si wewe? Umetoka hapa sasa hivi. Leo umenisifu mpaka nikaona haya."

Uongo mtupu, aliwaza. Kikulacho ki nguoni mwako. Akashuka, akafungua kwenye simu yake orodha ya vifaa vilivyoshika mtandao. Kulikuwa na simu yake, simu ya mkewe, na kifaa cha tatu kisicho na jina. Akauchomoa waya wa juu kwenye ruta. Simu ya mkewe ikatoka kwenye orodha, lakini kile cha tatu kikabaki, na kicheko nacho kikaanza upya.

Alimpigia dada yake, mjuzi wa mambo ya majini, akamweleza yote.

"Huyo si mtu, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Mtoe mkeo humo kwanza. Huyo aliye naye usimguse kabisa! Jini ana wivu kukushinda wewe."

"Yuko naye sasa hivi, dada."

"Nakuomba, subiri nifike."

Lakini wivu haujui kusubiri, na yeye, badala ya kupanda kumshika mkono mkewe na kumtoa nje, alisimama pale sebuleni, manukato yale sasa yakishuka ngazi taratibu hadi yakamjaa puani, akakigusa kwenye simu kile kifaa kisicho na jina, akabonyeza "Zuia", na papo hapo nyumba nzima ikanyamaza.

Akapumua. Akapanda ngazi karibu acheke.

"Mke wangu, yamekwisha."

Mkewe hakuinua uso. Amenuna, aliwaza, ana haki. Akamwita tena, akamshika bega. Mkewe akajikuna pale pale alipoguswa, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano. Fundi Waya alipiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Ndipo mke akainua uso, akatabasamu, akitazama nyuma ya bega la mumewe.

"Umemaliza, mume wangu?"

"Nimemaliza," ilijibu sauti ya Fundi Waya kutoka mlangoni. "Nimemzuia. Hatatusumbua tena."