Nusu Saa ya Kukisia

Kila alipotoka shuleni, Kasuku alipitia ofisi ya shangazi yake, aliyekuwa akikatisha tiketi za ndege. Alifagia, akapanga viti, kisha akafanya kazi zake za shule. Jina hilo la utani lilimfaa kweli, maana hakuna swali lililomkosesha jibu, awe anajua au hajui.

Siku hiyo shangazi alikuwa ametoka kidogo. Mshonaji wa mtaa wa pili akaingia, macho yamemwiva kwa kulia.

"Mwanangu, ndege ya kesho inachukua muda gani kufika? Baba yangu anapasuliwa huko saa nne asubuhi. Nataka nimwone kabla hajaingizwa. Kama itachelewa, bora nipande basi la leo jioni."

Kasuku hakujua, lakini kusema hivyo kulimshinda. Alichukua rula, akapima kwenye ramani ya ukutani kutoka uwanja wao wa ndege hadi ule wa huko.

"Nusu saa tu, mama. Inaruka saa mbili. Utawahi."

Mshonaji akashusha pumzi. "Basi nitakuja kesho mapema kukata tiketi."

Shangazi aliporudi, Kasuku alimwuliza kana kwamba ni swali la kawaida tu, "Ndege ya kesho ni nusu saa, sivyo?"

Shangazi alicheka. "Nusu saa ya nani? Inazunguka milima, inatua njiani kushusha mizigo, inasubiri abiria. Saa nne inakaribia ndipo inafika, na hospitali bado iko mbali. Kwani vipi?"

Kasuku aliingiwa na hofu. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna mwingine aliyemsikia. Lakini alimfikiria yule mzee kitandani, akitazama mlango. Akasema yote.

Shangazi hakugomba. "Vaa viatu. Twende kabla basi halijaondoka."

Walimkuta mshonaji kwenye cherehani. "Nisamehe, mama," alisema Kasuku. "Sikujua. Nilikisia tu. Ndege itafika saa nne ikikaribia, hutamwahi."

Mshonaji akaacha kitambaa chini ya sindano, akabeba mkoba wake, akakimbilia stendi.

Kesho yake mchana simu ililia ofisini. Shangazi alisikiliza, akatoa pole, akaiweka simu mezani taratibu.

"Alimkuta baba yake. Wamezungumza, wameagana vizuri. Mzee hakuamka tena baada ya upasuaji. Anasema anakushukuru."

Kasuku alilia sana. Aliona jinsi alivyokaribia kumnyima mtu mazungumzo yale ya mwisho.

Shangazi akamvuta karibu. "Kuuliza si ujinga, mwanangu, na kusema 'sijui' si aibu. Aibu ni kumpa mtu jibu la kubuni, naye akaondoka akiliamini. Jana ulisema kweli mapema, ukamwokoa na majuto. Siku nyingine huenda usipate nafasi ya kumwahi mtu."