Pale Sala Ilipokwama

Ukumbi wa hospitali kuu ulikuwa umejaa pomoni asubuhi ile. Katikati ya watu, mwanamke mwenye gauni la kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alikuwa akienda benchi hadi benchi akiuliza nani ana damu ya kundi O. Alikuwa mshona mapazia. Mwalimu wa binti yake alimpigia simu, akaacha cherehani mbio, hata futi hakukumbuka kuivua. Mtoto alikuwa na miaka sita. Alizaliwa na selimundu, na siku hiyo damu ilikuwa imemshuka vibaya.

Watu wengi waliinamisha vichwa. Aliyeinuka alikuwa fundi wa lifti, mwanamume mrefu mwenye ovaroli la buluu lililolowa grisi, aliyekuwa amekaa sakafuni akihangaika na mlango uliogoma kufunguka.

"Mimi ni O," alisema akijifuta mikono. "Ila sindano naziogopa. Itabidi unishike."

Alimshika mkono, naye fundi akafumba macho kama mtoto. Wauguzi walicheka. Mama mtu alijikuta anacheka pia, akashangaa kwamba bado anajua kucheka.

Mtoto aliongezewa damu, akapata nafuu, na kuanzia hapo simu haikupoa. Kila mchana fundi alimpigia kutoka kwenye majengo aliyokuwa akitengeneza.

"Niko ghorofa ya kumi na nne, mpenzi. Huku juu nakuona wewe tu."

"Muongo wewe. Kwenye shimo la lifti kuna dirisha?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakuona wewe tu."

Baba wa mtoto alikuwa ameondoka siku nyingi bila kuaga, kwa hiyo mshonaji hakuwa mwepesi wa kuamini. Aliyemwamini fundi kwanza ni mtoto mwenyewe. Walimwita Chiriku, maana akiamka ameanza kuongea na akilala bado hajamaliza. Alikuwa kwenye kwaya ya watoto kanisani, na ndiye aliyemburuta fundi hadi kule, mtu ambaye hakuwa amekanyaga kanisa tangu kipaimara. Fundi alikaa benchi la mwisho na shati lake la mistari lililopigwa pasi vizuri mbele na kusahauliwa nyuma. Chiriku aligeuka katikati ya wimbo kuhakikisha kwamba hajasinzia.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Mara mbili mtoto alilazwa, mara mbili fundi alitoa damu. Akaanza kuulizia vyumba vya kupanga ambavyo watu watatu wangeenea.

Wiki tano baada ya kutoa damu mara ya mwisho, Chiriku aliamka akihema, macho yamekuwa ya njano. Mshonaji na mama yake mzazi, bibi wa Chiriku, walimkimbiza hospitali, wakaambiwa akiba ya damu imekwisha. Mshonaji alimpigia fundi, naye akamjibu kwa maneno machache tu: "Nakuja. Nipe nusu saa."

Nusu saa ilipita, ikapita nyingine. Alipopiga tena, simu haikupatikana. Alipiga mara kumi na saba. Saa nane mchana mtoto aliomba maji, akanywa kidogo, akauliza kama Fundi amefika. Kabla ya saa tisa alikuwa amekata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bibi yake.

Fundi alionekana siku ya tatu, kwenye mazishi, amesimama mbali na waombolezaji wengine. Jioni alikuja nyumbani. Mshonaji alifungua mlango, akamtazama.

"Alikuulizia," alimwambia, kisha akafunga.

Zilizofuata ni siku ambazo hata yeye mwenyewe hawezi kuzisimulia vizuri. Alikata mapazia kombo hadi wateja wakachukua vitambaa vyao kimyakimya. Majirani walimwambia Mungu amechuma ua lake, kwamba asilie sana, kwamba bado ni kijana atazaa mwingine. Aliitikia na kuwapa viti. Wakishaondoka alilala kwenye kitanda kidogo, miguu ikizidi, akinusa shuka alilokataa lifuliwe. Biblia aliifungia kabatini. Hakumkana Mungu. Aliamini yupo, na ndicho kilichomuumiza: alikuwepo saa nane mchana na hakufanya kitu.

Bibi mtu hakumhubiria. Alipika, aliosha vyombo, na usiku alilala sakafuni pembeni ya kitanda kidogo. Miezi mitatu ilipokatika alimwomba kitu kimoja tu, kwamba arudishe joho la kwaya, kwa sababu kuna mtoto mwingine anaimba bila joho.

Mshonaji alikwenda kanisani mchana wa Jumatano, siku isiyo na ibada kubwa. Ndani kulikuwa na kina mama wanne wazee wa kikundi cha sala, na kwenye benchi la mwisho, kwa ovaroli la buluu, alikuwa fundi. Alikuwa amekonda. Mshonaji alitaka kugeuka, lakini miguu ilimgomea, akaketi mwisho mwingine wa benchi lile lile, joho mapajani.

"Unafanya nini hapa?" alimuuliza bila kumtazama.

"Nagombana na Mungu. Kila mchana nakuja kugombana. Kule kazini wananiambia nimsahau mtoto. Hapa hakuna anayenifukuza."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

Fundi alijifuta mikono kwenye ovaroli. Kisha akamweleza. Alikwenda kituo cha damu upande wa pili wa jiji, ambako hawakumjua, akadanganya tarehe aliyotoa damu mara ya mwisho ili wamtoe tena kabla ya miezi mitatu inayotakiwa. Wakampima, wakakuta damu yake haitoshi, wakamkatalia. Akazunguka kwenye majengo matatu kutafuta wenzake wa kundi O, simu ikamzimikia. Alipata wawili. Walifika hospitali mbio.

"Kwa hiyo ulifika," mshonaji alisema.

"Nilifika. Nilisimama mlangoni. Nikaona bibi yake anamfunika uso." Alilitazama joho. "Wewe ulikuwa umenipa mgongo. Ningepiga hatua nne tu. Nikageuka, nikakimbia. Kwa hilo siwezi kukuomba msamaha, maana hata mimi sijajisamehe."

Mshonaji alilia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hapakuwa na mtu wa kumwambia anyamaze. Mmoja wa wale wazee aliwaona. Hakuwasogelea. Alisema tu, kama anayezungumza na madhabahu, kwamba Bwana mwenyewe alilia kwenye kaburi la rafiki yake, huku akijua atamfufua. Basi machozi si kosa. Kisha wakaanza kusali ile sala ambayo Bwana aliwafundisha wanafunzi wake, polepole.

Mshonaji alijikuta anaisema nao, kwa mazoea tu. Walipofika pale pa kuomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, ulimi ulimkwama. Hakuweza. Alisikia na fundi amenyamaza. Wale mama hawakusita. Waliyasema maneno yale hadi mwisho kwa sauti zao zilizochakaa, wanawake ambao kila mmoja alikuwa amezika wake, wakayabeba na kupita nayo. Walipofika kwenye mkate wa kila siku, mshonaji alirudi, sauti yake ndogo kama ya mgonjwa. Mkate aliweza kuuomba. Kwa siku moja moja aliweza.

Alinyoosha mkono kwenye benchi, na fundi akaushika.

Hakupona siku ile. Kuna asubuhi bado anaamka akisikiliza mtoto akiongea. Lakini Jumatano iliyofuata walikuja pamoja, na iliyofuata tena, na walipooana, bila muziki, padri alipoongoza sala ile waliifikia sehemu yao ngumu wakiwa wameshikana mikono, wakanyamaza wote wawili, na kanisa likaisema kwa niaba yao.