Msichana Aliyetaka Kuandikwa

Tangu Merran aingie nyumba ile, mtoto hakulia tena.

Mwanzoni Isbel Hislop alishukuru. Gideon wake alikuwa amelia majira yote ya baridi, na mumewe Adam, mwendesha plau, aliamka alfajiri kuhudumia farasi. Tena tajiri wa shamba alitaka kila mwendesha plau awe na kibarua wa kike. Asiye naye alifukuzwa na nyumba akanyang'anywa. Kwa hiyo Merran alipobisha hodi siku ya theluji akitafuta kazi, hawakumuuliza mengi.

Lakini nywele zake zilinuka udongo wa kaburi, hata siku ya jua. Mbwa akahamia zizini. Na kila Isbel alipompakata mtoto, alimwona mwepesi kuliko jana, macho wazi, kama anayesikiliza mtu.

Ikafika sensa ya mwaka 1861. Jumatatu asubuhi Mwalimu Dalgleish, mhesabu watu wa bonde lile, aliketi mezani kwa Isbel akafungua wino.

"Nani walilala hapa jana, mama?"

"Mimi, mume wangu, Gideon, na kibarua wetu. Merran! Njoo uulizwe!"

Merran akatoka chumba cha maziwa, mtoto kifuani. Kalamu ikamponyoka Mwalimu.

"Umri?" aliuliza, akiiokota.

"Kumi na tisa."

"Umezaliwa wapi?"

"Humu humu ndani." Merran akatabasamu. "Umesahau, Mwalimu? Si uliandika mara ile?"

Mwalimu akamvuta Isbel mkono, akanong'ona: "Miaka kumi iliyopita nilimwandika huyu huyu, kwenye nyumba hii hii, umri huo huo. Walikaa akina Renwick. Watoto wanne, mama. Kabla ya mavuno tuliwazika wote."

Isbel akaifunika karatasi kwa kiganja. "Usimwandike."

"Sheria, mama. Nitafungwa—"

"Basi tufungwe wote! Huyu si wa kwangu. Usimwandike!"

"Nimekosa nini, mama?" Merran akasogea taratibu. "Maji nachota. Mtoto nalea. Niandike, Mwalimu. Jina tu." Na kwa kila neno harufu ya udongo ilizidi, moto ukanywea, ukuta ukatoka jasho, na Gideon akawa anazama ndani ya kile kifua kama jiwe linavyozama matopeni, kwanza mguu, kisha bega, hata Isbel, ambaye maishani mwake hakuwahi kumpiga hata kuku, akanyakua koleo la chuma kutoka motoni, likiwa jekundu, akalichomeka kati ya mwanawe na kiumbe yule.

Merran hakupiga yowe. Alimwachia mtoto mikononi mwa mamaye, akaitazama karatasi. Mwalimu alikuwa amepiga mstari chini ya jina la Gideon, kuifunga orodha ya nyumba ile bila jina la Merran.

"Haya," Merran akasema kwa upole. "Nyumba ziko nyingi."

Akatoka mvuani.

Isbel alipofika mlangoni, yule msichana alikwisha vuka bonde zima, naye amesimama kwa jirani yao, Nans Laidlaw, aliyejifungua mapacha Ijumaa. Upepo ukaleta sauti ya Nans, imejaa furaha:

"Kibarua? Mungu ndiye amekuleta, dada! Ingia, ingia, usiloe nje!"

"Nans!" Isbel akapiga kelele, akikimbia na mwanawe begani, matope magotini. "Nans, usimkaribishe!"

Lakini upepo ulikuwa unavuma kuja kwake. Akaona mlango ukifungwa.